Makopo Mawili

Hii niliipata Majengo, sokoni,
kwa mama mmoja muuza vikombe vya mtumba.
Alikuwa ameikunja mara nne, kaipachika chini ya mguu wa meza
ili meza isiyumbe.
Nikamwambia: mama, umeikalisha hoteli nzima chini ya vikombe.
Akacheka. Nikamtafutia kigae, tukabadilishana.

Hoteli ilitazamana na stesheni.
Baraza ndefu, viti vya ukindu,
mpishi kasimama mlangoni, macho kayafumba:
jua la saa saba la Dodoma halina adabu
kwa mtu anayepigwa picha.
Nyuma ya kadi, wino wa buluu uliochoka:
"Tumefika salama. Vumbi tele. Treni ya Kigoma bado.
Mwambie Anzuruni asiuze mbuzi."
Jina la mtumaji hakuna. Stempu wameibandua.
Mwaka wa ishirini huu nalala nikijiuliza:
huyo mbuzi, aliuzwa?

Ninazo mia moja arobaini na tatu,
kwenye kopo la biskuti, na majani makavu ya mwarobaini
mende wasije wakatafuna mapaa.
Duka la Kassamali, mwaka wake umechongwa juu ya mlango.
Ghala la karanga. Zahanati yenye madirisha ya kijani,
ingawa picha haina rangi; kijani nakikumbuka mimi.
Studio pale Uhindini, iliyotupiga picha sote
tukiwa na maua ya plastiki na saa ya kuazima,
yenyewe sijapata picha yake hata moja.
Kinyozi hajinyoi.

Watu huniuliza: Lechipya, mapenzi haya umeyatoa wapi?
Nawajibu, baba alikuwa mtu wa reli.
Kweli. Ila si kweli yote.

Kabla ya kopo hili nilibeba kopo jingine.
Rangi nyekundu, brashi ya inchi nne,
mshahara tarehe ishirini na nane.
Afisa ananyoosha kalamu, mimi napaka X.
Ukuta wa chokaa hunywa rangi upesi,
wa tope sharti uurudie.
Mwenye nyumba hutoka na kanga begani, hutazama,
haulizi kwa nini. Huuliza, "Siku ngapi?"
kana kwamba mimi ni daktari.

Wakihama, huacha vitu vya ajabu:
kufuli bila ufunguo, kalenda, mtungi mzima.
Siku moja waliacha picha, msumarini,
nyumba ileile, watoto sita barazani, X bado haijazaliwa.
Nikaitia mfukoni.
Niliokoa au niliiba? Tingatinga halikuuliza.

Simlaumu mtu.
Barabara ya njia nne ni nzuri, nami naivuka,
na mji mkuu hauwezi kukaa na mabati yenye kutu.
Hayo nayasema mchana.

Nyumba ya mama haimo kwenye kopo.
Ilikuwa tembe, kule nyuma ya reli,
paa bapa la udongo tulipoanika uwele na mlenda,
ndama wakikohoa upande wa pili wa ukuta.
Wapiga picha walishuka na mikoba yao,
wakapiga boma, wakapiga kanisa, wakapiga stesheni mara kumi.
Tembe waliiona ni sehemu ya ardhi.
Hata X haikupata.
Mvua mbili bila mtu wa kuikandika, ikarudi ilikotoka.

Ila ipo moja, garimoshi linapumua,
na kushoto, nyuma ya moshi, ukiinamisha kadi dirishani,
kuna mstari mweusi, bapa, mfupi kama kucha.
Huenda ni paa.
Huenda ni mkwaruzo wa kucha ya mtu.

Mjukuu wangu Ndahani ana macho makali,
husoma namba za mabasi kabla sijayasikia.
Akiingia chumbani, hiyo moja
huwa naigeuza chali.